Hatua Kumi na Mbili

Harmon Bend, Mississippi
14 Septemba 1993

Karanga wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua ulikuwa umenuia. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika mvua ikikaribia, la kulia linalijibu, nami nakaa katikati nayasikiliza yakigombana. Anayeandika ni Dada Verlene Suggs wa kanisani, kama siku zote. Mimi nasema, yeye anaandika, na ukikuta aya ya Biblia humu ujue ameichomeka mwenyewe.

Kunde zimekubali mwaka huu. Nimekoboa mpaka vidole vimekuwa vya zambarau. Mke wa mchungaji amejifungua tena, wa saba, na bado anashangaa. Kaka yako Dewitt amerudi tangu Juni. Yumo chumba cha nyuma, anafanya kazi kiwanda cha kambare, zamu ya asubuhi. Anarudi ananuka samaki, ananiletea maziwa, anafunga mlango. Sisemi zaidi. Ukitaka kuuliza, uliza.

Sasa sikiliza. Shemasi Purvis amenunua dishi la runinga, kubwa kama beseni la kuogeshea ndama, akalisimika juu ya paa la nyumba. Jumapili baada ya ibada tunajazana sebuleni kwake, na mkewe anapita akihesabu mifupa ya kuku kwenye zulia. Ndipo nilipokuona ukicheza futiboli yenu, ule mpira wa kurushwa na kudakwa. Mwanangu, umekuwa mrefu mpaka kwenye runinga!

Lakini nilimtazama na huyo mrushaji wenu mpya, huyo Lyle. Shingo kama kifaranga kilichonyeshewa. Yule wa kwanza, Garrity, miaka mitatu alirusha mipira kama mtu anayefukuza kuku bustanini, nawe ukapaa, ukajinyoosha, ukaileta chini, watu wakamwita Garrity mfalme. Sasa amehamia timu nyingine na sifa zako amezifunga ndani ya sanduku lake. Wewe unajua na mimi najua: mdakaji akiwa mkubwa, hata mpira mbovu hutengemaa ukiwa bado hewani. Ni kama kwaya. Mwimbaji mwoga akijua nyuma yake imesimama sauti nzito, naye hupata koo.

Basi mchukue huyo kijana. Usimwache aimbe peke yake.

Kula. Vaa soksi mbili mbili, huko ni baridi. Bibi yako Ozella Tarpley, na huu hapa ni msalaba wangu, nimeuchora kwa mkono wangu mwenyewe ujue ni mimi:

X


2 Oktoba 1993

Shikamoo Bibi,

Barua yako imenikuta mzima. Nimekutumia koti la sufu. Usimpe mke wa mchungaji. Msalimie Dada Verlene, na Shemasi, mwambie asijaribu kupanda juu ya paa kurekebisha hilo dishi, ana miaka sabini na tatu.

Huku majani yameshaanza kuanguka. Upande mmoja wa mji ni ziwa, na upepo wake unaingia mpaka kwenye meno. Nakula vizuri. Kuna mama mmoja kutoka Alabama ana mgahawa karibu na uwanja, anapika mboga ya majani ya tanipu karibu kama yako. Nimesema karibu, usikasirike.

Kuhusu Lyle. Ni mtoto wa wakulima kutoka Nebraska, ana miaka ishirini na tatu, anasema "bwana" hata kwa mfagiaji. Kocha amempa mpaka katikati ya Desemba. Asipoiva, ataondolewa. Wiki iliyopita alinifuata baada ya mazoezi, akaniomba tubaki nusu saa turushiane mpira, nimzoee naye anizoee. Nikamwambia mgongo unaniuma.

Bibi, mimi nimechoka kuwainua watu. Garrity amesema kwenye gazeti kwamba yeye ndiye aliyenitengeneza. Nimelisoma gazeti hilo mara tatu. Huyu Lyle naye nikimbeba, mwaka kesho atapanda mabega yangu, achungulie mbali, kisha aende zake. Kila mtu ana mkono wake. Na arushe, tuone.

Nafurahi kwamba kunde zimekubali.

Mjukuu wako,
Lavelle


Harmon Bend
19 Oktoba 1993

Karanga,

Sisi wazima. Koti limefika, joto kama oveni, nimelivaa kanisani na wanawake watatu wameacha kunisalimia. Asante, baba yangu. Dada Verlene anakusalimu. Anasema mkono wake umeanza kumtetemeka na huenda Novemba akaenda Memphis kwa bintiye, basi nijitafutie mwandishi mwingine. Mimi nimemwambia atetemeke baada ya barua hii.

Nimesoma, yaani nimesomewa, barua yako. Umeuliza habari za kunde, za dishi, za paa la Shemasi. Kuna mtu mmoja hukumuuliza. Haya.

Jumapili tulikutazama tena. Lyle alirusha mpira ukanyakuliwa na wapinzani. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Sebule nzima ikasimama.

"Mtoeni huyo mkulima!" Shemasi alipiga kelele. "Anamrushia nani? Malaika?"

"Na wewe ulikuwa ukirusha nini, Purvis," mkewe akamwambia, "zaidi ya mawe kwa mbwa wangu?"

"Mwanamke, mimi nilicheza mwaka wa arobaini na moja!"

"Ulibeba maji."

Watu wakacheka mpaka kuku wakamwagika. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu.

Karanga, kusoma sikujaliwa. Watoto wengine walipokuwa wakifundishwa herufi mimi nilikuwa kwenye pamba, na gunia langu lilikuwa refu kuliko mimi. Lakini kwenye kuhesabu hakuna anayenipita katika kata hii, hata yule mzungu wa mizani ya pamba alijua. Na wewe nimekuhesabia hatua tangu una miaka tisa. Mimi kibarazani na beseni la kunde mapajani, wewe unaanzia kwenye mti wa pekani, ule wetu wa kokwa, unakimbia kuelekea kibanda cha kukaushia nyama: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, geuka! Na Dewitt alikuwa ameshauachia mpira kwenye ya tisa, wewe bado umempa kisogo. Nilimuuliza siku moja, unamrushiaje mtu asiyekuona? Akanijibu, "Bibi, mimi simrushii mtu. Narushia mahali. Yeye ndiye aliyeahidi kuwapo."

Jumapili hiyo umegeuka kwenye ya kumi. Mara zote tatu. Mipira mingine, ile ya kukufuata ukikimbia moja kwa moja, hukuifanyia hivyo. Ila huo wa kumi na mbili tu, ambao mrushaji anaufumbia macho na kuamini. Mpira ulikwenda mahali pako, na wewe hukuwapo, alikuwapo beki wa watu. Na watu wote Marekani wakamzomea kifaranga.

Nani amekufundisha kumi?

Nasubiri.

X


30 Oktoba 1993

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Bibi, huku si uani kwetu. Mabeki wa huku wana kasi, wanakusukuma, wanakushika shati. Mipango inabadilika kila wiki. Kuna siku kocha anataka kumi na mbili, kuna siku anataka kumi na moja, kuna siku mtu anateleza. Runinga haionyeshi yote. Na pale kwa Shemasi kuna kelele, huenda umekosea hesabu.

Lyle anakosea kwa sababu ni Lyle. Kiwiko chake hakikai sawa. Hata mimi nikigeuka kwenye ya kumi na mbili, ya ishirini, ya mia, bado angekosea siku moja, na siku hiyo asingekuwa na wa kumlaumu. Mtu aliyeinuliwa na mwenzake huanguka vibaya kuliko aliyetembea kwa miguu yake. Wewe unajua hivyo kuliko mtu yeyote. Yumo nyumbani mwako.

Sina mengine. Tumeshinda mechi moja, tumeshindwa mbili.

Lavelle


Harmon Bend
9 Novemba 1993

Karanga,

Umeniambia nimekosea hesabu. Nimekaa na neno hilo siku tano. Nimelipikia, nimelifulia, nimelala nalo. Nimekwisha kulimeza. Usinilishe tena.

Dada Verlene yuko Memphis. Leo anaandika mwingine. Mwandiko utauona mwenyewe.

Habari za nyumbani: paa la kibanda cha nyama limezibwa. Mti wa pekani umezaa mwaka huu kama una deni na Mungu, ukitembea uani ni kama unatembea juu ya gololi. Mimi nimeanguka kidogo, si sana, wala usipige simu kwa jirani. Nimenyanyuliwa. Aliyeninyanyua ndiye aliyeziba paa.

Kaka yako naye huja kwa Shemasi siku hizi. Hakai. Anasimama mlangoni na kofia yake mkononi kama mtu aliyekuja kutengeneza bomba. Jumapili, Lyle aliponyakuliwa mpira tena na watu wakapiga kelele zao, Dewitt alisema jambo moja tu: "Huyo kijana si mbovu. Anaachwa." Akavaa kofia, akatoka.

Mwandishi wangu ameacha kalamu hapo. Nimemwambia aishike.

Umeandika kwamba aliyeinuliwa huanguka vibaya. Sikiliza, nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Dewitt alikwenda chuo mwaka wa themanini na nne. Kile chuo kidogo kilimpa nafasi, na kocha wao akamwahidi nafasi nyingine ya mdogo wake mwaka unaofuata. Mwaka mzima alikaa benchi, hakulalamika. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Subirini mdogo wangu aje." Mdogo hakuja. Wakampa mpira hivyo hivyo, naye akawa anarushia mahali, kama alivyozoea. Pale mahali hapakuwa na mtu. Walimwondoa kabla ya Krismasi. Tangu hapo ni mji wa Gary, ni Detroit, ni chupa, ni viwanda vinavyofungwa, mpaka Juni hii.

Huyo si mtu aliyeinuliwa akaanguka, Karanga. Huyo ni mtu aliyeachwa akiwa ameshaachia mpira.

Sasa nataka neno moja kutoka kwako, wala si la mabeki. Kwa nini?

X


28 Novemba 1993

Shikamoo Bibi,

Umeanguka kidogo kiasi gani? Niambie ukweli.

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa koti langu siku kumi na mbili. Nilifungua bahasha, nikaona herufi, nikaifunga. Mkono huo naujua. Anaandika "t" kama msumari uliopinda. Ndio mkono ulioandika jina langu kwenye kila mpira tuliowahi kuwa nao. Nilitaka kukuandikia kwamba sitajibu mpaka Dada Verlene arudi. Kisha nikaona aibu.

Basi haya, na yeye aandikaye na asome.

Hesabu yako ni sahihi. Ni kumi. Hakuna kocha aliyeniagiza, hakuna aliyenishika shati.

Mara ya kwanza ilikuwa hasira, kwa ajili ya Garrity. Nikasema moyoni, ngoja dunia ione mrushaji ni nani asipokuwa na mimi. Nilidhani ningefanya mara moja. Kisha nikamtazama Lyle akitoka uwanjani, anazomewa, anajigonga mkono wake wa kulia kwa ngumi kama mtu anayempiga punda. Dewitt alikuwa akifanya hivyo hivyo. Na kiwiko chake kinashuka akirusha, kama cha Dewitt. Bibi, nikisimama mbele ya Lyle simwoni Lyle. Wenzangu wakila chakula cha Sikukuu ya Shukrani juzi, yeye alikaa mwisho wa meza, akanipitishia bakuli la viazi bila kunitazama, nikaliweka chini bila kupakua.

Ningekuwa mtu mzuri, kuona hivyo kungenifanya nikimbie kumi na mbili. Mimi kulinifanya nitake asiwepo. Akiondolewa, nitapumzika. Huo ndio ukweli, na unanuka.

Na wewe unajua kuna jambo jingine, la zamani. Siwezi kuliandika. Nimejaribu mara nne.

Kocha ameamua: Jumapili ya tarehe kumi na mbili Desemba ndiyo ya mwisho kwa Lyle. Asipofanya kitu siku hiyo, basi.

Lavelle


Harmon Bend
4 Desemba 1993

Karanga wangu,

Nilivunja kifundo cha mkono wa kushoto. Umetaka ukweli, huo hapo. Unapona. Kunde naweza kukoboa kwa mmoja.

Umesema huwezi kuliandika. Nitaliandika mimi, nisiyejua kuandika.

Februari ya themanini na tano, mtu wa chuo kikubwa alikuja na karatasi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ilibidi mlezi atie sahihi. Alivua kofia, akasifu pai yangu ya viazi vitamu, akaweka karatasi mezani juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Nikasema, "Mimi sisomi. Mjukuu wangu atanisomea." Ukanisomea. Ulisimama nyuma ya kiti changu, mkono wako begani kwangu, ukasoma vizuri kama mchungaji. Ukasoma jina la chuo cha Dewitt. Ukasoma kwamba mtakuwa pamoja. Nami nikachora msalaba wangu, mtu yule akatazama dari.

Karatasi haikusema hivyo.

Nililijua juma lililofuata. Ulinibakishia nakala, nikampelekea Dada Verlene nimfurahishe. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Nikamwambia, "Verlene, hili limekufa hapa." Na lilikufa.

Miaka minane sikukuambia kwamba najua. Na huyu anayeandika hapa, siku aliyopiga simu kutoka chuoni akilia, "Bibi, yuko wapi Karanga?", nilimwambia ni mimi. Nilimwambia ni mimi niliyechagua chuo kikubwa, kwamba nilitaka mmoja wenu afike mbali na nikakuchagua wewe. Nilimdanganya. Nilifikiri, akinichukia mimi, mimi ni mzee, nitaibeba. Akikuchukia wewe, nitakuwa sina wajukuu wawili tena, nitakuwa na maadui wawili. Akanichukia. Hakurudi nyumbani zaidi ya miaka saba.

Hapo aliacha kuandika. Alitoka akaenda kibarazani.

Amerudi. Nimemuuliza, nitafute mwandishi mwingine? Amesema, "Maliza, Bibi."

Alitoka tena. Safari hii alikawia. Chai ikapoa. Amerudi, ameketi, ameshika kalamu, hajanitazama.

Basi namalizia. Karanga, ulinisomea hatua kumi ukaniacha mbili. Ndivyo ulivyofanya mara ya kwanza, na ndivyo unavyomfanyia huyo mtoto wa Nebraska: anayeamini ndiye unayemgeukia mapema. Mimi nami nilikuwa mwongo, ila mimi niliongopa kwa kukupenda na nikamtia ndugu yako moto. Sitaki kusifiwa kwa hilo. Mwandishi wangu anisamehe siku atakayoweza, na asipoweza, kitanda chake bado ni chake na sahani yake bado ni yake.

Nakupenda. Ungekuwa hapa ningekupiga kwa mwiko, kisha ningekulisha. Sikuachi. Lakini Jumapili hiyo ya tarehe kumi na mbili nitakuwa kwa Shemasi na mkono wangu uliofungwa, na nitahesabu. Nipe kumi na mbili. Kijana ana siku moja tu. Usimchukulie.

X


15 Desemba 1993

Shikamoo Bibi.

Ulihesabu. Najua ulihesabu, kwa hiyo umeshaona. Lakini runinga haikukuonyesha kwa nini, na safari hii si kisingizio.

Nilikimbia kumi na mbili. Mara ya kwanza tu alipoita mpango ule, nilikimbia kama nina miaka tisa, nikakusikia wewe ukihesabu, nikageuka kwenye ya kumi na mbili, mikono tayari. Mpira haukuwapo. Mpira ulikuwa umeshadondoka nyuma yangu, hatua mbili nyuma, mahali pa kumi. Beki akauokota ukiwa umedunda kidogo, mwamuzi akasema ameushika.

Nikadhani kateleza. Tukarudia. Nikakimbia kumi na mbili. Akarusha kumi.

Bibi, ameniambia mwenyewe baadaye: alikuwa ameshanijua. Wiki zote zile, wenzake wakienda kunywa, yeye alikuwa amekaa na filamu za mechi, akarudisha nyuma, akahesabu hatua zangu. Akaona ni kumi. Hakwenda kwa kocha. Hakuniuliza hata mimi. Akasema labda ndivyo wakubwa wanavyofanya, akabaki uwanjani peke yake anarushia ndoo iliyowekwa mahali pa kumi, mpaka mkono wake ukajifunza uongo wangu kwa moyo. Na siku niliyoamua kusema kweli, yeye akawa ameamini uongo.

Jumatatu nilikwenda kwa kocha nikamwambia yote, Lyle akiwa amesimama pale pale. Kocha akasema, "Tarpley, funga mlango ukitoka. Hayo sikuyasikia." Mimi bado nina thamani kwake. Jumanne wakamwondoa Lyle.

Nilimkuta kwenye maegesho anapakia masanduku kwenye gari lake la pikapu. Theluji ilikuwa inamwangukia kwenye nywele, hana kofia.

"Mpaka nilipoziona zile filamu, nilidhani ni mkono wangu," akaniambia.

"Haukuwa mkono wako."

"Nilikuwa naupiga." Akautazama kama anataka kuuomba radhi. "Kwa nini hukuniambia kumi tu tangu mwanzo? Ningerusha kumi. Ungetaka saba, ningerusha saba."

Nikamwambia anipige. Akasema kwao hawapigani na mtu wakiwa wanapakia mizigo. Bibi, ungempenda.

Amepata ahadi kwamba Machi timu nyingine itamtazama, siku moja tu, hawajaahidi zaidi. Nikamuuliza, mpaka wakati huo unakwenda wapi? Nebraska, kwa baba. Nikamwambia, msimu wetu unakwisha tarehe mbili Januari, pitia Mississippi.

"Mississippi si njia ya kwenda Nebraska," akasema.

"Najua."

Akafunga turubai la gari. Hakusema ndiyo. Aliniuliza tu kama kule kuna baridi.

Nataka kumleta nyumbani. Nataka nimkimbilie kumi na mbili kutoka kwenye mti wa pekani kila siku mpaka Machi, mpaka mkono wake unisahau nilivyokuwa. Lakini siwezi kukanyaga ua ule kama mwenye chumba cha nyuma hataki. Nimeandika barua yake tofauti, imo ndani ya bahasha hii. Ni fupi. Asipotaka kuifungua, asiifungue.

Pole kwa mkono wako, Bibi. Pole kwa karatasi.

Karanga


Harmon Bend
23 Desemba 1993

Karanga wangu,

Marahaba. Bandeji imetolewa, mkono umekuwa mwembamba kama wa msichana, naringa nao. Mke wa Shemasi alinituma nikuambie sebule yake haina tena watu wa kumzomea Lyle. Aliwasomea mumewe na wengine ile habari yako niliyomruhusu kuijua, yaani nusu. Shemasi alinyamaza tangu supu mpaka pai. Haijawahi kutokea.

Niliona, ndiyo. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Nililia mbele ya watu na mpira uko chini.

Usiniambie kwamba umeshalipa, kwa kuwa ulikwenda kwa kocha. Kijana hana kazi na wewe unayo. Hilo litakukaa mwilini kama goti langu, mvua ikija utalisikia. Sawa. Watu wanatembea na magoti hayo.

Mlete. Hakuna baridi. Atalala sebuleni, nami nitampikia mpaka hiyo shingo ijae. Wewe utakimbia. Kibarazani nitakuwapo mimi na beseni langu, na atakayegeuka kwenye ya kumi nitamrushia hilo beseni.

Kuhusu kaka yako. Barua yako fupi aliichukua, akaiweka nyuma ya redio. Sijui kama ameisoma na sitamuuliza. Siku tatu alikula chumbani mwake. Ya nne alinisimamia jikoni akasema, "Miaka minane nimemkasirikia asiyehusika." Nikamwambia, nilihusika. Akasema, "Wewe nitamalizana nawe hapa hapa." Akala sahani mbili. Jina lako hakulitaja. Sitakudanganya kwamba alilitaja, tumedanganyana vya kutosha.

Lakini jana nilichungulia dirishani asubuhi, nikamwona amepiga magoti uani na ndoo. Alikuwa anaokota pekani. Si za kula, hata zilizooza, hata maganda. Alianzia kwenye mti akaenda mstari mmoja mpaka kwenye kibanda cha nyama, akiinua kila moja, maana mtu akikimbia hapo atateleza. Alipofika mwisho alirudi akaanza tena.

Hataki kuliandika hili. Ananitazama. Nimemwambia, andika, ni barua yangu.

Nimemuuliza kama ana neno la kuongeza. Amesema hana. Basi nachora msalaba wangu, ninyi wawili mnajua ni wa nani na unasema nini:

X

Mwambie huyo kijana kiwiko kinashuka kwa sababu anautua mguu wa mbele mapema. Cha kwangu kilikuwa hivyo. Kinarekebishika. — D.